Macho mekundu: kitambaa cha maji au matone ya dukani?

Kuanzia Juni, baridi na upepo mkavu vikishika Mbeya, Makambako na Iringa, vumbi linatimka na moshi wa kuni unajaa jikoni. Macho yanawaka, na mabishano yanarudi.

Kwa gharama, kitambaa kinashinda. Chemsha maji, yaache yapoe, chovya kitambaa safi, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika chache. Kwa mwasho wa vumbi, moshi au mzio, ubaridi hutuliza kweli. Kazi iko kwenye usafi: kila mtu na chake, kifuliwe, kianikwe juani.

Matone yana maelezo zaidi, maana si dawa moja. Machozi bandia hulainisha jicho kavu. Antibayotiki hupambana na bakteria tu; haigusi virusi, ambavyo maambukizi yake mara nyingi hupona yenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe na wekundu), nakusihi, usiyatumie bila daktari: yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuzidisha kidonda cha kioo cha jicho. Chupa iliyofunguliwa, mara nyingi hutupwa baada ya wiki nne.

Mama wa Tukuyu anayepikia kuni aanze na kitambaa, na afungue dirisha. Mwenye usaha mzito unaogandisha kope aende zahanati kabla ya kununua chochote. Maumivu makali, kuona ukungu, au kushindwa kuvumilia mwanga: acha vyote viwili, nenda hospitali yenye kliniki ya macho siku hiyohiyo. Mtoto mchanga mwenye macho mekundu naye asisubiri.