Karatasi ya gundi ya pasi kwa mfarishi wa picha: nzuri, ila kitenge kipya huisumbua

Kikundi kinachoshona mfarishi wa picha, yaani tandiko lenye picha ya vipande vya kitambaa, kwa mikono mingi huhitaji kitu cha kushikiza vipande kabla ya cherehani, na karatasi hii, yenye gundi upande mmoja inayoyeyuka kwa joto la pasi, inaishinda pini kwa mbali. Mchoro huchorwa upande wa karatasi, ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo. Anayesahau atapata ndege anayewapa wenzake mgongo. Pasi ya kuibandika kwenye kitambaa iwe kavu, ikandamizwe bila kusuguliwa kwa sekunde zilizoandikwa kwenye paketi. Kitambaa kipoe ndipo karatasi ibanduliwe, gundi ibaki.

Shida ni kitenge kipya: wanga na nta ya kiwandani huzuia gundi kushika, kingo zikaachia baada ya siku chache. Kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, bila dawa ya kulainisha nguo. Khanga ya pamba hushika vizuri zaidi. Tabaka zikizidi tatu, picha hukakamaa na sindano hunata. Tumia sindano namba 90, uipanguse kwa spiriti.

Mkibadilishana vipande, kubalianeni vipimo mapema. Kipande cha sentimita 30 hukatwa 31.2, yaani milimita 6 za mshono kila upande. Asiyeziacha, ndege wake atapoteza mkia.