Amplifaya ya nyumbani: kabla ya kuuliza wati, uliza mrejesho umetoka wapi

Lalamiko la wasomaji ni moja lenye sura mbili. Mmoja amenunua amplifaya ndogo ya daraja D (daraja ni namna saketi inavyosukuma spika) na sauti inamchoma masikio. Mwingine ana ileile, na kwake sauti za juu zimepoa, matoazi hayasikiki vizuri. Wote wanasema kweli. Kilichowatofautisha ni spika.

Daraja D hukatakata umeme wa saplai mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kapasita huuchuja ili spika ipate muziki peke yake. (D si ya "dijitali", ni herufi iliyofuata C.) Kasoro asiyoitaja muuzaji iko kwenye kichujio hicho. Saketi nyingi za bei nafuu huchukua mrejesho, yaani umeme unaorudishwa nyuma kusahihisha makosa, kabla haujafika kwenye kichujio. Kichujio kikiharibu, hakuna wa kurekebisha. Koili ya maikrohenri 10 huzuia kwa takriban omu 1.26 kwenye kilohezi 20, na kwa kawaida kila chaneli ina mbili, jumla omu 2.5. Ukifunga spika ya omu 4, sauti za juu zinaliwa njiani. Ukifunga spika ambayo omu zake hupanda kwenye twita, yaani kispika kidogo cha sauti za juu, sauti hizo zinainuka, kwa kuwa koili na kapasita zinachocheana bila mzigo wa kuzituliza. Na usidanganywe na "omu 8" iliyobandikwa nyuma ya spika: mahali fulani inaweza kushuka hadi 6, na pengine ikapita 15.

Kwa hiyo omba grafu moja yenye mistari miwili, omu 4 na omu 8. Mistari ikishikana hadi kilohezi 20, mrejesho umechukuliwa baada ya kichujio. Ikiachana kwa zaidi ya desibeli 1, unanunua bahati nasibu.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa daraja D yenye moduli za Hypex NCore, kutoka Uholanzi, na sifichi upendeleo. Mrejesho wake unatoka kwenye terminali za spika, kwa hiyo ukibadilisha spika amplifaya haibadiliki tabia. Purifi Eigentakt ya Denmark inafuata njia hiyohiyo. Amplifaya ya NAD C 298 imejengwa juu ya Purifi na inatoa wati 185 kwa kila chaneli kwenye omu 8. Bei inauma, ila hulipii joto wala kilo za transfoma.

Nafasi ya pili ni daraja AB, ambalo transista zake hukuza muziki moja kwa moja bila kukatakata umeme, na kwa sebule nyingi inatosha kabisa. Yamaha A-S301 inatoa wati 60 kwa kila chaneli kwenye omu 8, zikiwa zimepimwa kuanzia hezi 20 hadi kilohezi 20 kwa upotoshaji wa asilimia 0.019. Hivyo ndivyo wati zinavyopaswa kuandikwa. Iachie sentimita 10 za hewa juu yake. Ukinunua AB iliyotumika, iwashe dakika 10 bila muziki, uweke mita kwenye milivolti za DC, upime terminali za spika: chini ya 50 ni sawa, zaidi ya 100 iache hapohapo. Kisha sikiliza kwa sauti ndogo. Ikikwaruza chini na kusafika ukipandisha, transista za mwisho hazipati umeme wa kutosha zikiwa zimetulia. Fundi anaweza kuzirekebisha, lakini gharama hiyo ikatwe kwenye bei.

Daraja G, lililoletwa na Hitachi mwaka 1977, ni AB yenye volti za ngazi mbili: za chini kwa muziki wa kawaida, za juu kwa vishindo. Arcam SA20 ni mfano. Nzuri, ila faida yake ni kwa anayehitaji wati nyingi.

Daraja A, ambalo transista zake hupitisha umeme muda wote, ni la mpenzi, si la hesabu. Kwa nadharia ufanisi wake hauzidi asilimia 50, kwa hiyo wati 25 mara chaneli mbili ni angalau wati 100 za umeme, muziki upigwe usipigwe. Saa 5 kwa siku ni angalau uniti 15 kwa mwezi.

Sasa wati za kwenye maboksi. Chipu ya TPA3255, iliyomo ndani ya amplifaya nyingi ndogo za daraja D, inatajwa kwa wati 315 kwenye omu 4, lakini hapo upotoshaji umefika asilimia 10 na saplai inazidi volti 50. Muuzaji anakupa adapta ya volti 32, ampea 5. Hiyo ni wati 160 kwa chaneli zote mbili, na kwenye omu 8 volti 32 haziwezi kuvuka wati 64 safi, zisizopotoshwa, kwa chaneli. Anayechapisha "300W + 300W" juu ya adapta hiyo hajakosea, anakuibia. Na hata wati zikiongezeka maradufu kweli, unapata desibeli 3 tu.

Kwa mfuko mdogo, tazama Fosi Audio V3 Mono, yenye mrejesho wa baada ya kichujio. Nyingine za bei hiyo zisizo na mrejesho huo zipite. Ukiinunua, kumbuka terminali nyeusi nayo ina umeme: usiiunganishe na nyeusi ya chaneli nyingine, wala na swichi ya spika inayochanganya waya hasi.