Uzoefu wangu wa kuagiza chokoleti za zawadi ya Krismasi kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara

Krismasi ya mwaka juzi niliagiza maboksi sita ya chokoleti kutoka duka moja la zawadi jijini Dar es Salaam, nikikusudia kuwagawia ndugu na majirani zangu hapa Mtwara. Kila boksi nililinunua kwa shilingi 28,000, na ndani yake mlikuwa na chokoleti 12 za maziwa zilizojazwa krimu, kila moja imekaa kwenye kikombe chake kidogo cha karatasi. Ladha yake nilikuwa nimeionja dukani na sina la kulalamikia upande huo. Ninalolalamikia ni kwamba muuzaji alijua mzigo unakwenda Mtwara mwezi Desemba, akapokea fedha bila kuniuliza utasafirije.

Mzigo ulipakiwa asubuhi kwenye buti la basi, ukashinda humo mchana kutwa katika safari ya zaidi ya kilomita 500, kupitia Kibiti, Nangurukuru na Lindi, wakati ambapo jua la Kusini halina huruma. Nilipoupokea stendi jioni, boksi la juu lilikuwa limelowa mafuta kwenye pembe zake. Nilifungua nikakuta vikombe vya karatasi vimeshikana vyote, krimu imevuja, na zile chokoleti 12 zimekuwa bonge moja. Niliyaweka maboksi yote kwenye friji, na asubuhi yake chokoleti zilikuwa zimeganda tena, lakini juu zilikuwa na utando mweupe mithili ya majivu. Mama mdogo, nilipompelekea boksi lake Mikindani, alilitazama kwa muda kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizi hazijaota ukungu kweli?"

Haukuwa ukungu, na nilimweleza hivyo, ingawa niliona wazi kwamba hakuridhika. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, na ndiyo maana chokoleti nzuri huyeyukia mdomoni. Ikiyeyuka njiani na kuganda tena ovyo, mafuta hayo hupanda juu na kuacha weupe. Haidhuru mlaji, ila ule ulaini wake hupotea, na zawadi inayohitaji maelezo kabla ya kuliwa imekwisha kupoteza heshima yake. Chokoleti za maziwa hulainika mapema zaidi kuliko nyeusi, kwa sababu mafuta ya maziwa huchanganyika na yale ya kakao na kuyalegeza. Nilipompigia muuzaji simu, alinijibu kwamba mzigo ukishatoka dukani si jukumu lake tena. Jibu hilo liliniumiza kuliko hasara yenyewe.

Desemba iliyopita nilibadilisha kila kitu. Nilimpata dada mmoja wa huko huko Dar es Salaam anayetengeneza chokoleti nyeusi nyumbani kwake kwa kakao ya Kyela, mkoani Mbeya, ambako ndiko inakolimwa sehemu kubwa ya kakao ya nchi yetu. Nilimtumia kilo mbili za korosho za hapa kwetu, zilizobanguliwa na kukaangwa, akazipasua na kuzipanga juu ya vipande bapa vya gramu 80, kila kimoja kwa shilingi 7,000. Kwa kuwa majirani zangu wa pande zote mbili ni Waislamu, na chokoleti nyingine za kujazwa hutiwa pombe, nilimwomba aniandikie kila kilichomo. Aliandika kakao, sukari na korosho basi, akabandika karatasi hiyo kwenye kila kipande. Alivifunga katika deli dogo lenye chupa za maji yaliyogandishwa, akalituma kwa basi la usiku, nami nikalipokea alfajiri barafu ikiwa bado haijaisha.

Jambo moja alilonisisitizia limenisaidia sana: chokoleti ikitoka kwenye baridi isifunguliwe papo hapo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo ukiigusa chokoleti baridi hugeuka matone yanayoyeyusha sukari ya juu, na yakikauka huacha uso wenye chenga. Niliviacha ndani ya vifungashio vyake kwa saa mbili kabla ya kuvigawa. Jirani yangu alipokata kipande chake mbele yangu, kililia "ta!" kama kijiti kikavu, na korosho zikaonekana nyeupe ndani ya ule weusi. Alikula pale pale barazani, akaniuliza hizo korosho ni za wapi, na nilipomwambia ni za Newala alicheka kwa furaha, kwani shamba la marehemu baba yake liko huko.

Kasoro sitazificha. Chokoleti hii ni chungu kidogo kwa watoto, na mpwa wangu wa miaka mitano alikula korosho akaniachia iliyobaki. Deli na chupa za barafu nililipia shilingi 15,000 zaidi, na mtu anayetaka kipande kimoja tu ataona gharama hiyo haimlipi. Ni heri majirani wawili au watatu waagize pamoja. Kwa Krismasi ijayo nimekwisha kuagiza vipande 20, na vitano kati yake nimeomba viongezewe sukari kwa ajili ya watoto.