Metro ya Dubai kwa mgeni anayefuata bidhaa Deira

Dubai ni mji uliojinyoosha kandokando ya bahari, kuanzia Deira yenye masoko ya zamani hadi Jebel Ali iliko bandari, na barabara yake kuu ya Sheikh Zayed ni pana kiasi kwamba hakuna anayeivuka kwa miguu ila kwa daraja. Mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo anayekwenda huko kufuata bidhaa akishapata pa kulala, jambo linalofuata ni usafiri. Ushauri wangu ni kwamba atumie metro, yaani treni ya mjini, kwa safari zake zote, isipokuwa ile ya kubeba mzigo.

Laini Nyekundu ilizinduliwa tarehe 9 Septemba 2009 na Laini ya Kijani ikafuata mwaka 2011. Treni zake hazina dereva, zina ubaridi wa kutosha hata katika joto la Agosti, na hazijui foleni. Laini Nyekundu inapita katika uwanja wa ndege, Terminal 1 na Terminal 3, lakini haifiki Terminal 2 ambako hutua ndege nyingi za flydubai. Kwa hiyo msafiri atazame tiketi yake mapema, maana akishukia Terminal 2 atahitaji basi au teksi. Kubadilisha laini kunawezekana katika vituo viwili tu, Union na BurJuman. Laini ya Kijani ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mnunuzi: ukitoka Union unakutana na vituo vya Baniyas Square, Gold Souq na Al Ras mfululizo, na kutoka Al Ras unafika kwa miguu kwenye maduka ya dhahabu na viungo.

Nauli hulipwa kwa kadi ya Nol. Nashauri kwa dhati kununua ile ya rangi ya fedha, inayouzwa dirhamu 25 huku dirhamu 19 kati ya hizo zikiwa salio lako, badala ya tiketi nyekundu ya karatasi ambayo ni rahisi mwanzoni lakini hutoza nauli ya juu zaidi kwa kila safari. Kwa kadi ya fedha, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, na ile ndefu kabisa ni dirhamu 7.5. Linganisha na teksi ya uwanja wa ndege, ambayo mita yake huanzia dirhamu 25 kabla gurudumu halijazunguka. Unagusa kadi getini unapoingia, kioo kidogo kinaonyesha salio, kisha unaigusa tena unapotoka. Salio likipungua chini ya dirhamu 7.5, geti halifunguki, hata kama unakwenda kituo cha jirani.

Kuna masharti ambayo mgeni anapaswa kuyajua, kwa sababu faini zake ni za kweli. Kula na kunywa ndani ya treni hutozwa dirhamu 100, na kiasi hichohicho humpata mwanamume anayesimama katika sehemu ya wanawake na watoto. Naipongeza sehemu hiyo, kwani mama anayesafiri na watoto jioni, wakati mabehewa yamejaa, hupata nafasi ya kupumua.

Upungufu mkubwa kwa watu wetu ni mizigo. Abiria anaruhusiwa sanduku moja kubwa, lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja. Marobota ya nguo na maboksi ya vipuri hayaingii, na ni haki yasiingie. Bidhaa ziachie dukani zichukuliwe na wakala wa kago, nawe urudi hotelini mikono mitupu.

Metro pia haifiki Sharjah, ingawa mabasi ya kwenda huko yanaondokea Union. Kuvuka Khor ya Dubai, mkono wa bahari unaoingia mjini, kutoka Deira kwenda Bur Dubai ng'ambo ya pili, naona abra, yaani mashua ndogo ya abiria, ya dirhamu 1 inaishinda treni kwa bei, na pia kwa upepo wake.

Mwisho ni saa za kazi: Jumatatu hadi Jumamosi treni huanza saa 11 alfajiri, lakini Jumapili huanza saa 2 asubuhi, kwa hiyo mwenye ndege ya alfajiri siku hiyo apange teksi tangu usiku.