Wikirate: kila jibu na risiti yake

Kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu haamini tarakimu isiyo na risiti. Ndiyo maana tovuti nyingi zinazozipa kampuni alama za maadili nilikuwa nazifungua na kuzifunga papo hapo: alama naiona, ilikotoka siioni. Wikirate, tovuti ya wazi inayokusanya majibu kuhusu mwenendo wa kampuni, nimeitumia miezi saba sasa, jioni baada ya kazi, na sijaichoka.

Mtu au shirika hutunga swali, ambalo huitwa kipimo. Wewe unachagua kampuni na mwaka, unasoma ripoti, unajaza jibu na kuambatisha chanzo. Anayekuja baada yako anafungua waraka uleule; akiridhika anathibitisha, asiporidhika anasahihisha au anaandika hoja yake hapohapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari liko wazi kwa yeyote.

Nilianza na taarifa za utumwa mamboleo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zinazofanya biashara huko, zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, zieleze zimefanya nini kuhakikisha hakuna utumwa katika shughuli zao na kwa wanaowauzia bidhaa. Taarifa iidhinishwe na bodi, itiwe sahihi na mkurugenzi, na kiungo chake kionekane wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti. Maswali mepesi, nilidhani. Kampuni moja ya nguo, ambayo mashati yake ninayo kabatini, ilinila jioni mbili: kurasa kumi na moja, picha za wanawake wakitabasamu kwenye cherehani, "tunajitahidi" kila aya, na sahihi hakuna. Nikajaza: Hapana. Siku nne baadaye mtu nisiyemjua akathibitisha, nami nikafurahi kama siku ya kufunga hesabu za mwaka bila senti kupotea.

Mara moja nilikosea, nikaweka mwaka taarifa ilipotolewa badala ya mwaka wa fedha inaouhusu. Mwenzangu mmoja alirekebisha na kunieleza kwa upole.

Asiyesoma Kiingereza atapata tabu, kwa kuwa vipimo na ripoti nyingi ni za lugha hiyo. Linaloniuma zaidi ni kwamba majibu mengi yanatokana na yale kampuni iliyoandika yenyewe. Jengo la Rana Plaza, Bangladesh, liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, na baadhi ya viwanda vya nguo vilivyokuwamo vilikuwa vimeshakaguliwa. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakashurutishwa kurudi kazini. Sauti kama zao hazifiki kwenye ripoti za kurasa za kung'aa. Tovuti ya Glassdoor huwapa wafanyakazi nafasi ya kusema kuhusu waajiri wao bila kutaja majina, lakini huko nako maneno hayana waraka wa kuyashikilia, na mshona nguo wa kiwandani si rahisi kumkuta humo. Kwa hiyo nafungua zote mbili, na bado naona pengo.

Kampuni ile ya nguo imetoa taarifa mpya wiki iliyopita. Nimeisoma mpaka ukurasa wa mwisho: jina, cheo na sahihi ya mkurugenzi. Nimejaza: Ndiyo, na sasa nasubiri wa kuthibitisha.