Kemisti ya mtaani Umoja

Mama alitaka ibuprofeni ya magoti, basi. Mfamasia hakumpa. Alimuuliza kwanza anameza dawa gani nyingine, akaomba kuona pakiti: losartani ya presha na ile ya kukojoza. "Mama, hizi tatu pamoja zinaweza kukuumiza figo, na hii ya maumivu itapandisha presha." Akamkalisha, akamwacha apumue kidogo, ndipo akampima, mkono umelazwa mezani. (Kwingine hupimwa ukiwa bado unahema.) Akampa parasetamoli na kikaratasi cha kumpelekea daktari. Kupima hawatozi.

Ubaya ni jioni: foleni, benchi moja, tena linayumba. Na siri zako zinasikika hadi kwa muuza sukuma wiki mlangoni. Waweke hata pazia, jameni.