Miswada ya Kiswahili ya SOAS mtandaoni: nyota nne, ila andaa bando

Naanza na kilichonipeleka huko. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Tanga, ule utendi wa Mwana Kupona anaujua kwa kichwa, anauimba huku anachambua mchele, na siku moja kaniuliza hivi ule wenyewe ulioandikwa kwa khati za Kiarabu bado upo au ushaliwa na mchwa? Nikamwambia bibi ngoja nikutafutie.

Nikaanza na maktaba ya chuo kikuu kimoja, jina nalimeza, daladala mbili kutoka ninapokaa. Getini wanataka barua, nikapeleka barua, wakataka yenye muhuri, nikarudi na muhuri nikaambiwa mwenye ufunguo wa chumba cha nyaraka kaenda msibani, siku ya tatu mwenye ufunguo yupo ila mashine ya kusomea maikrofilamu imekufa. Nikala chipsi mayai hapo nje nikarudi zangu home. Chipsi zilikuwa nzuri, maktaba sitii neno.

Sasa jamaa mmoja akaniambia we unahangaika nini, ingia kwenye makusanyo ya dijitali ya SOAS, kile chuo cha London, ni bure. Nikaingia saa nne usiku, nikaja kushtuka adhana ya alfajiri.

Kiukweli kuna vitu. Kuna karatasi za Taylor, yule mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 akisaidiwa na Mwalimu Sikujua kukusanya mashairi ya Muyaka, ambaye alikufa 1840 hivi, kwa hiyo bila wale wazee walioyaweka kichwani na huyo mwalimu wa Kimvita kukaa chini kuyaandika leo tungekuwa na jina tu. Ila kilichonimaliza mimi ni kazi za mkono wa Muhammad Kijuma wa Lamu. Huyu alikuwa fundi wa kuchonga milango, mshairi, mpiga muziki, na ndio alikuwa ananakili tenzi kwa ajili ya Wazungu waliokuwa wanaagiza, kina Werner na Hichens. Ukizumu uone ule mwandiko, herufi zimepangwa kama nakshi za mlango kweli, mtu anachonga mbao mchana na kalamu usiku (hilo la usiku naongezea mimi). Picha zinavutika mpaka unaona pale wino ulipozidi.

Na Mwana Kupona nikampata. Mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kule kisiwa cha Pate, anaumwa, mwaka 1858, anamuusia binti yake. Nikakaa na simu kimya kidogo.

Sasa shida, na hapa ndo mnisikilize wenye haraka. Kama ulisoma madrasa usidhani utateremka tu. Khati za zamani herufi ya B inabeba B, P, MB na mengine, E na I alama moja, O na U alama moja, kwa hiyo neno hilohilo unaweza kulisoma baba, papa, pamba au bamba, chagua mwenyewe. Mimi nimemfanya baba wa mtu kuwa samaki mara mbili. Waandishi wengine waliongeza nukta kusaidia ila sio wote. Nyota moja naikata kwa sababu maelezo ya miswada ni Kiingereza, yaani mtu wa Siyu akitaka kujua shangazi yake wa zamani aliandika nini inabidi ajue kwanza lugha ya London, jamani hata ukurasa mmoja wa Kiswahili? Halafu picha ni nzito, tumia bando la usiku.

Msiseme nasifia vya mbali tu. Dar wenyewe, Chuo Kikuu pale Mlimani, wana mkusanyo mkubwa wa miswada uliofanyiwa kazi sana na Allen, mtafiti Mwingereza aliyezunguka pwani miaka ya 1960, ila cha kuchekesha hata katalogi yake ilichapwa Leiden, Uholanzi, 1970. Maktaba mpya ya pale iliyofunguliwa 2018 inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja, sijafika bado, nikifika nitaandika. Na wa Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha nayo imeshapigwa picha kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, mingi ni ya Kiarabu ya dini, lakini uzuri wake ni kwamba vitabu vyenyewe havikusafirishwa kwenda popote, vimebaki msikitini.

Jumapili nikampelekea bibi ile simu. Shikamoo, marahaba, nikamwekea miwani, nikaanza kusoma ubeti wa kwanza nikiunga herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, sijafika hata nusu ya mstari yeye kashafika ubeti wa tatu na sauti yake ileile ya mchele. Kuna neno nilitamka kwa B akanipiga kofi la bega, "P hiyo we mwana, nani kakufundisha?" Nimemwomba nimrekodi wote, kakubali ila anataka kwanza nimnunulie kanga mpya, eti hawezi kusikika na hii ya zamani.